Jinsi programu za tarakilishi zinavyoweza kumpa mdogo sauti katika maamuzi ya kampuni

JIONI ya Januari 27, 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol katika jimbo la Utah, Marekani, walifanya mkutano kwa njia ya simu na maafisa wa shirika la anga za juu, NASA, waliokuwa katika majimbo ya Alabama na Florida. Chombo cha Challenger kilikuwa kimepangiwa kuruka asubuhi iliyofuata. Wahandisi hao walituma michoro na takwimu zao kwa faksi, wakaeleza kwamba baridi iliyotabiriwa ingezikakamaza pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi, na wakashauri kwamba chombo kisirushwe iwapo kipimo cha joto kingekuwa chini ya takriban nyuzi 12 za sentigredi.

Maafisa wa NASA hawakufurahia ushauri huo. Kampuni ikaomba dakika tano za kujadiliana faraghani, nazo zikageuka kuwa karibu nusu saa. Huko faraghani, wakubwa wanne ndio waliotakiwa kuamua. Wahandisi waliokuwa wakipinga hawakuombwa kura. Laini iliporejeshwa, kampuni ilitoa idhini. Afisa mmoja wa NASA aliuliza iwapo kulikuwa na mwenye kupinga, na kimya kikatanda. Kesho yake Challenger ilisambaratika sekunde 73 baada ya kupaa, na watu wote saba waliokuwa ndani wakafariki.

Simu na faksi zilifanya kazi sawasawa usiku ule. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuyafikisha maoni ya aliye chini kwa aliye juu bila kuchujwa na aliye katikati. Inafaa kulikumbuka jambo hili kila mara kampuni inaponunua programu mpya ya tarakilishi ikiambiwa kwamba itawawezesha wafanyakazi kushirikiana. Kushirikiana kuandika waraka ni jambo moja. Kuamua pamoja ni jambo jingine, na programu nyingi zilizo maofisini leo zimeundwa kwa kazi ile ya kwanza.

Ipo hata hivyo aina ya programu iliyobuniwa mahsusi kwa kazi ya pili. Wataalamu huiita mifumo ya kusaidia maamuzi ya kikundi. Asili yake ya mbali ni maonyesho aliyoyafanya Douglas Engelbart mjini San Francisco mnamo Desemba 9, 1968, alipoonyesha watu wawili walio mbalimbali wakifanya kazi pamoja kwenye hati moja kupitia tarakilishi. Lakini walioigeuza fikra hiyo kuwa chombo cha mikutano ya kibiashara ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona wakiongozwa na Profesa Jay Nunamaker. Mwaka wa 1985 walifungua chumba chenye meza iliyopinda mfano wa kwato la farasi, na mbele ya kila kiti pakawekwa tarakilishi. Programu yao baadaye iliuzwa kwa jina la GroupSystems. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota nako, Gerardine DeSanctis na Brent Gallupe walichapisha mwaka wa 1987 makala ambayo hadi leo hutajwa kama msingi wa taaluma hii.

Ili kuelewa walichokuwa wakikitibu, ni lazima kwanza tuuangalie ugonjwa. Alex Osborn, mtaalamu wa matangazo ya biashara, ndiye aliyeeneza mbinu ya kubungua bongo, yaani watu kuketi pamoja na kutoa mawazo kiholela bila kukosolewa. Mwaka wa 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliipima. Walilinganisha watu wanne walioketi pamoja na watu wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokuwa peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka wa 1987, Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha sababu kuu: mkutanoni ni mtu mmoja tu anayeweza kusema kwa wakati mmoja. Wengine husubiri, na katika kusubiri husahau walichotaka kusema, au hukiona hakina maana tena.

Kasoro nyingine iligunduliwa na Garold Stasser na William Titus mwaka wa 1985. Kikundi kinapojadiliana, watu huzungumzia sana yale ambayo wote tayari wanayajua. Lile analolijua mtu mmoja pekee huachwa pembeni, ingawa pengine ndilo lingegeuza uamuzi mzima. Karani wa bohari anayejua kwamba bidhaa fulani hurudishwa kila wiki kwa ubovu anaweza kuketi saa mbili akisikiliza hotuba za mauzo na asipate mwanya wa kusema. Tukiongeza juu yake adabu tuliyolelewa nayo, ya kutompinga mkubwa hadharani, picha inakamilika.

Kikao cha mfumo wa Arizona kilikwenda hivi. Tuchukue mfano wa kampuni inayotaka kuamua itafungua tawi lipya Nakuru, Kisumu au Eldoret. Swali huandikwa mbele ya wote. Kila mmoja huandika mawazo yake kwenye tarakilishi, wote kwa wakati mmoja, na kila wazo huonekana kwa wenzake bila jina la mwandishi. Mtu akisoma kwamba kodi ya majengo Nakuru imepanda, hajui iwapo ni meneja aliyesema au ni dereva, hivyo hana budi kulipima wazo lenyewe. Baada ya hapo mawazo yanayofanana huwekwa pamoja na yanayojirudia hufutwa, kazi ambayo huchosha kuliko zote na ambayo programu yenyewe haiwezi kuimaliza bila mwelekezi wa kikao. Halafu hupigwa kura: kila mmoja hupanga chaguo kwa mfuatano au hulipa kila moja alama kutoka 1 hadi 10.

Kwa maoni yangu, hatua inayofuata ndiyo yenye faida kubwa, ingawa wauzaji wa programu hawaitaji sana. Tarakilishi huonyesha wastani wa alama pamoja na jinsi kura zilivyotawanyika. Ikiwa Kisumu imepata wastani wa 6, huenda kila mtu ameipa 6, na huenda nusu ya watu wameipa 10 na nusu wameipa 2. Hali hizi mbili ni tofauti kabisa. Katika ile ya pili, wapo watu wanaojua jambo ambalo wenzao hawalijui, na mwelekezi hurudisha mjadala hapo hapo. Wanaopiga kura kwa kuinua mikono huhesabu wengi, hukata shauri na kwenda zao.

Kampuni ya IBM iliweka mfumo huo katika kituo chake cha Owego, jimbo la New York, kisha katika vituo vingine vingi. Taarifa ya utafiti iliyochapishwa mwaka wa 1989 ilieleza kwamba saa za kazi zilizotumika katika miradi iliyochunguzwa zilipungua kwa takriban nusu. Kampuni ya ndege ya Boeing nayo ilipofanya majaribio, matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1992 yalionyesha kwamba muda wa kukamilisha kazi kwa kalenda ulipungua kwa asilimia 91. Takwimu kama hizo zipokewe kwa tahadhari: kazi zilizochaguliwa zilikuwa zinaufaa mfumo, na makadirio yalifanywa na wahusika wenyewe. Isitoshe, uchunguzi wa Gallupe na wenzake mwaka wa 1992 ulionyesha kwamba faida huongezeka kadiri kikundi kinavyokuwa kikubwa. Watu watatu wanaoaminiana hawahitaji programu. Nao wangezungumza tu.

Vyumba vile havikuenea. Vilikuwa ghali, na mara nyingi mwelekezi aliyefunzwa alipohama kampuni, chumba kilibaki kikikusanya vumbi. Soko likachukua njia nyingine: Lotus Notes iliyotoka mwaka wa 1989, kurasa za wiki alizozianzisha Ward Cunningham mwaka wa 1995, hati za pamoja za Google, kisha Slack na Microsoft Teams. Nchini Kenya makundi ya WhatsApp ndiyo yaliyotwaa nafasi hiyo katika vyama vya akiba, biashara ndogo na hata kampuni kubwa. Vyombo hivi vyote husafirisha maneno kwa kasi. Lakini vingi huweka jina na picha ya msemaji juu ya kila neno, na mkurugenzi akiandika wa kwanza, 'Naona tuchague Kisumu', yanayofuata huwa ni vidole gumba vilivyoinuliwa. Hata kura za maoni zilipoletwa ndani ya WhatsApp mwaka wa 2022, kila mwanachama aliweza kuona nani amechagua nini.

Sheria nayo imesonga mbele. Mnamo Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliziruhusu kampuni kufanya mikutano mikuu kupitia mtandao, na mwaka wa 2021 sheria ya kampuni ilirekebishwa ili kuikubali mikutano ya namna hiyo. Mwenye hisa aliye Lodwar anaweza sasa kuhudhuria bila nauli. Hata hivyo, pale maswali yanapotumwa mapema na wasimamizi wakachagua ya kujibu, mchujo ni ule ule wa kale umevaa nguo mpya.

Kampuni isiyo na fedha za mfumo maalumu inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii kwa fomu ya mtandaoni isiyokusanya majina wala anwani za barua-pepe, mradi masharti mawili yazingatiwe. Kwanza, majibu yote yapokewe kabla mkubwa yeyote hajatoa maoni yake, na yasomwe yote, likiwemo lile la mtu mmoja. Pili, kuwe na tarehe ya mwisho na mtu aliyetajwa kuwa ndiye atakayetangaza uamuzi. Programu ya Loomio, iliyobuniwa nchini New Zealand na ushirika wa wafanyakazi, imejengwa juu ya wazo hili la tarehe ya mwisho, na humruhusu mshiriki kukubali, kujizuia, kutokubali au kuzuia kabisa.

Kuna pingamizi linalotolewa na wanasheria, nalo lina uzito. Mkurugenzi wa bodi huwajibika kwa uamuzi wake, basi atawezaje kupiga kura bila jina? Jawabu ni kutenganisha hatua. Mawazo, hofu na kura ya kwanza ya kupima maoni vikusanywe bila majina. Uamuzi wa mwisho wa bodi uandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na majina ya waliouunga mkono na waliopinga. Kumbukumbu za kielektroniki hukubaliwa mahakamani chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kwa hivyo ni vyema katibu wa kampuni azihifadhi mahali pamoja tangu mwanzo, wala asiziache zimetapakaa kwenye simu za wanachama ambao huenda kesho wakahama au wakabadilisha simu.

Katika ofisi yenye watu sita, kuondoa jina hakutoshi. Wenzako wanakujua kwa jinsi unavyoandika, kwa vifupisho vyako, hata kwa saa unayopenda kutuma ujumbe. Hapo ni afadhali mwelekezi kutoka nje apokee maoni, ayaandike upya kwa maneno yake na kuyachanganya kabla hayajasomwa. Gharama yake ni siku moja au mbili za kazi ya mtu huyo.