Dawa ya kienyeji ya minyoo: mambo ya kutazamia

Kivuni, watu wengi wanakunywa maji ya majani machungu ya mubirizi ao wanatafuna mbegu za papai ili kutoa minyoo. Kisha kunywa, tumbo linaweza kukata, kichefuchefu kinakuja, na mtu anaweza kuhara. Wengi wanasema: « Dawa inafanya kazi. »

Lakini kuhara si alama kwamba minyoo imetoka. Nyuzi nyeupe zinazoonekana ndani ya choo zinaweza kuwa ute wa matumbo tu. Askarisi inaonekana kwa macho, urefu wake sentimetre 15 mpaka 35. Mayai yake yanaonekana kwa mikroskopi tu. Kwa hiyo choo kinapimwa.

Majani hayana kipimo kinachojulikana. Mama mwenye mimba na mtoto mdogo wasipewe. Kwenye kituo cha afya, albendazole ya miligrama 400 inamezwa mara moja. Mtoto wa mwaka mmoja anapewa 200.

Mwenye kuhara anywe SRO. Tumbo likivimba, mtu akitapika na kukosa choo, minyoo inaweza kuwa imeziba matumbo: dawa isiongezwe, apelekwe hospitali siku ileile.