Mpaka Ndani ya Diski: Historia ya Kugawa Diski Ngumu, Ikitazamwa Kutoka Busia na Tororo

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Katika insha hii nitaonyesha kwamba akiba huoza, tena upesi, ikiwekwa mahali pamoja na kile inachokusudiwa kukilinda. Swali langu ni dogo, na kila mwanafunzi mwenye kipakatalishi amewahi kuulizwa na fundi: je, diski ngumu igawanywe katika sehemu mbili au zaidi, yaani C na D, au iachwe nzima? Fundi huuliza swali hili kama muuza chai anavyouliza kama unaongeza sukari. Mimi nimelijibu mara mbili bila kufikiri, na mara zote mbili nilipata hasara. Kwa hiyo nimelirudia kwa njia ya somo letu la historia: desturi hii ilianza lini, ilianzishwa kwa sababu gani, na je, sababu hizo bado zipo?

Nimezaliwa Busia upande wa Kenya. Mama ametoka Tororo, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo likizo zangu nyingi nimezigawa kati ya pande hizo mbili. Kipakatalishi changu cha kwanza kilikuwa kimetumika tayari, chenye diski ya gigabaiti 320 na sehemu moja tu, C. Katika mwaka wa kwanza chuoni kilikataa kuwaka. Nilikipeleka kwa fundi mmoja mjini, naye akaweka Windows upya bila kuniuliza kama kulikuwa na kitu cha kuokoa. Kilirudi kikiwa kizima na kitupu. Maandishi ya muhula mzima yalikuwa yamekwenda.

Likizo iliyofuata nilikuwa Tororo, na binamu yangu anayejua kompyuta akanicheka. "Dada, umelala chumba kimoja na mbuzi," akasema. Akaigawa diski: C gigabaiti 98 kwa Windows na programu, D gigabaiti 200 kwa kazi zangu. (Diski ya 320 huonekana kama 298 ndani ya Windows, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024.) Tangu siku hiyo niliweka kila kitu changu kwenye D, na nikalala usingizi.

Sasa tutazame desturi hii ilikotoka. Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitengenezwa na IBM mwaka 1956, ikiwa sehemu ya mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 na iliweza kuhifadhi herufi milioni 5. Mashine kama hiyo ilikuwa mali ya kampuni kubwa, si ya mtu binafsi. Suala la kugawa lilifika mezani kwa mtu wa kawaida mwaka 1983, IBM ilipotoa kompyuta ya PC XT yenye diski ya megabaiti 10 pamoja na DOS toleo la 2.0. Herufi A na B zilikuwa zimeshachukuliwa na disketi, ndiyo maana diski ngumu ikapewa C. Disketi zimetoweka, lakini hadi leo C haijarudi nyuma kuchukua nafasi ya A. Historia huacha alama za namna hiyo.

Waliobuni mpango huo walihifadhi mwanzoni kabisa mwa diski jedwali dogo lenye nafasi nne. Kila nafasi ilieleza sehemu moja inaanzia wapi, ina ukubwa gani na ni ya mfumo upi. Jedwali zima lilichukua baiti 64, pungufu ya ujumbe mfupi wa simu. Lengo la kwanza, basi, halikuwa usalama wa faili. Lengo lilikuwa kuwezesha mifumo endeshi tofauti kukaa kwenye diski moja bila kuvamiana, kwa kuwa wakati huo haikuwa imejulikana bado kama DOS ingewashinda wenzake.

Sababu ya pili ilizaliwa na upungufu. DOS ya miaka hiyo haikuweza kusimamia sehemu inayozidi megabaiti 32. Diski zilipokua kuliko kipimo hicho, mwenye diski ya megabaiti 40 hakuwa na hiari: aigawe au nafasi iliyobaki ikae bure. Mwaka 1987 DOS 3.3 ilileta sehemu pana iliyoweza kukatwa tena ndani yake, na hapo ndipo herufi D, E na F zilipozoeleka.

Sababu ya tatu ilikuwa uchumi wa nafasi. Mpangilio wa FAT16 uliweza kufikia gigabaiti 2 kwa sehemu moja, lakini kwa gharama. Diski hugawa nafasi kwa vifungu, na faili hata ikiwa ndogo vipi huchukua angalau kifungu kimoja. Katika sehemu ya gigabaiti 2, kifungu kilikuwa kilobaiti 32. Mwenye barua 2,000 za kilobaiti moja moja alitumia kilobaiti 64,000 kuhifadhi 2,000 tu. Akiigawa diski katika sehemu za chini kidogo ya megabaiti 512, kifungu kilishuka hadi kilobaiti 8, na upotevu ukapungua mara nne. Mwaka 1996 FAT32 ilipoingia na toleo jipya la Windows 95, sababu hii ilianza kufifia.

Sababu ya nne inatuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Ubuntu ikaanza kutolewa, na kwa miaka kadhaa iliwatumia watu sidii bila malipo. Mwanafunzi aliyetaka kuiweka Linux kwenye kompyuta bila kuiacha Windows kwa kawaida aliigawa diski yake. Hapa tunarudi kwenye lengo lile la 1983, mifumo miwili nyumba moja.

Sababu ya tano ndiyo ya fundi na ya binamu yangu: Windows ikiharibika, C ifutwe, D isalimike. Naikiri nguvu yake. Mwaka wangu wa pili kipakatalishi kilijaa virusi kutoka kwenye flashi ya mwenzangu, C ikafutwa, na D ikabaki kama ilivyokuwa. Nilimpigia binamu simu kumshukuru. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mpaka uliozuia janga moja unazuia majanga yote.

Mtu aliyekulia Busia hapaswi kudanganywa na mpaka kwa urahisi hivyo. Hadi mwaka 1902 nchi ya kwetu, kutoka hapa kuelekea mashariki hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa 1901, na Waingereza wakaona ni afadhali reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Mkoa ukahamishiwa upande wa pili kwa maandishi. Mpaka ulielezwa rasmi tena kwa amri ya mwaka 1926, ukifuata mito kama Sio, Malaba na Lwakhakha. Hakuna nyumba iliyosogezwa. Wasamia walibaki pande zote mbili, na Wateso vilevile.

Diski nayo hugawanywa hivyohivyo. Anayebadilisha jedwali la baiti 64 haisogezi data iliyo kwenye sahani. Anabadilisha tu maelezo ya nani anatawala wapi. C na D zinazungushwa na mota moja, zinasomwa kwa mkono mmoja, zinalishwa na waya mmoja. Ukiidondosha diski, haiulizi ni upande upi umeumia.

Mpaka wetu una kazi yake, sikatai. Unasimamisha lori ili mzigo ukaguliwe na ushuru ulipwe. Lakini mwaka 2020 tuliona jinsi kazi hiyo ilivyo na kikomo. Madereva wa malori walisubiri vipimo vya korona Busia na Malaba katika foleni za kilomita nyingi, ilhali watu wa vijijini waliendelea kuvuka kwa njia za panya kwenda sokoni, kuoa na kuzika. Mpaka huzuia kile kinachopita langoni. Vivyo hivyo, kirusi kilichokwisha kuingia kwenye Windows yako kinaiona D sawasawa na wewe unavyoiona.

Tena, kila mgawanyo huzaa swali la nani apate nini. Wilaya ya Busia ya Uganda ilikatwa kutoka Tororo mwaka 1997, na Butaleja mwaka 2005. Pendekezo la kuigawa tena Tororo limezungumzwa kwa miaka mingi, na kikwazo kikubwa ni mji wenyewe wa Tororo, uangukie upande gani. Mwenye C na D anaujua mgogoro huo kwa udogo wake. C hujaa kwa masasisho ya Windows na D ina nafasi tele isiyoweza kusaidia. Ukitaka kusogeza mpaka baadaye, umeme ukikatika katikati ya kazi, unaweza kupoteza pande zote mbili.

Nifike sasa kwenye hasara yangu ya pili. Tulipewa kazi ya kukusanya historia simulizi, nami nikamrekodi nyanya yangu wa Busia, ambaye sote tulimwita kukhu. Nilimrekodi mara tatu kwa simu. Alisimulia kahawa iliyovushwa usiku kutoka Uganda wakati wa magendo, miaka ya Idi Amin. Alisimulia vijana wa baiskeli waliobeba watu kutoka kituo cha mpaka cha upande huu hadi cha upande ule wakiita "boda, boda", jina ambalo leo linatumika Afrika Mashariki nzima. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikahamishia rekodi zote kwenye D na kuzifuta simuni. Nilikuwa nimezigawa, kwa hiyo nilidhani nimezihifadhi.

Kukhu alifariki mwezi wa nne baada ya rekodi ya mwisho. Miezi minne baadaye diski ikaanza kutoa sauti, tak, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mwenyewe. Mafundi wawili waliitazama. Wa pili alikuwa mkweli: "Dada, hapa hakuna C wala D. Ni chuma tu."

Kati ya rekodi tatu, moja imebaki, ya dakika 41. Haikuokolewa na utaalamu wangu. Mjomba wangu wa Tororo alikuwa ameomba kusikia mamkwe wake, kama alivyopenda kumwita, akisimulia, nami nikamrushia kwa Bluetooth siku alipokuja Busia. Ilikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu yake, katikati ya nyimbo za injili, ng'ambo ya mpaka.

Basi jibu langu ni lipi? Kwanza, sababu mbili kati ya tano zimekwisha kihistoria. Kikomo cha megabaiti 32 na upotevu wa FAT16 havipo tena. Jedwali jipya liitwalo GPT linaweza kueleza diski kubwa kuliko terabaiti 2, ambacho kilikuwa kikomo cha jedwali la zamani, na Windows huruhusu humo hadi sehemu 128. Anayegawa leo ili kuokoa nafasi anatii amri ya serikali iliyokwisha kuondoka. Pili, kwa anayetaka mifumo miwili, sababu ya mwaka 1983 bado ni hai, na agawe bila wasiwasi. Tatu, kwa mwanafunzi mwenye mfumo mmoja, folda zilizopangwa vizuri zinatosha kwa utaratibu, na Windows za sasa zinaweza kujiweka upya huku zikiacha faili za mwenyewe.

Hata hivyo, mimi mwenyewe nimegawa diski yangu mpya. Nimefanya hivyo kwa sababu naijua mitaa yetu: kompyuta zetu zimetumika, virusi ni vingi, na fundi hufuta kwanza na kuuliza baadaye. D inanilinda dhidi ya fundi. Ila siiiti tena akiba. Mgawanyo ni utaratibu wa ndani ya nyumba. Akiba ni kitu kilicho kwenye nyumba nyingine. Wenzangu tunaokusanya sauti za wazee tuna wajibu mzito zaidi, kwa kuwa maandishi ya muhula yanaweza kuandikwa tena, lakini mzee hasimulii mara ya pili akiwa kaburini.

Rekodi ile ya dakika 41 sasa iko sehemu tatu: kwenye D yangu, kwenye flashi iliyo kabatini kwa mama, na kwenye ile kadi ya mjomba Tororo. Nilipompelekea kadi mpya ili anirudishie ya zamani, alikataa. Alisema hiyo ameshaizoea, na kukhu anasikika vizuri zaidi akiwa katikati ya nyimbo.