Koleo lipi?

Mwambie muuza vifaa vya ujenzi wa Mwanza unataka koleo. Huenda akakupa la kuchotea mchanga. Mhunzi angekupa la kushikia chuma cha moto. Fundi mitumbwi wa Mwaloni, Kirumba, ana haja na la tatu: la kung'ata ncha ya msumari iliyochomoza ubaoni, isije ikachana nyavu au kutoboa unyayo. Hapo meno ndiyo hoja. Yaliyonolewa pande zote mbili huacha kisiki. Yaliyo bapa kwa nje hulala juu ya ubao na kukata karibu kabisa. Msumari mnene? Tindo na nyundo, kisha sawazisha kwa tupa. Mimi hili la tatu naliita koleo la kukatia. Jina “praizi” tuwaachie mafundi umeme.