Mananasi ya Thika, Vichaka vya Kasigau

Ukipanda matatu stejini Voi kuelekea Mombasa, mji unaisha mara moja na vichaka vinaanza pande zote mbili. Kwa miaka mingi nilidhani huku hakuna kitu ila ndovu na vumbi. Kumbe nilikuwa napita kando ya duka. Tangu 2011, vichaka vya upande wa Maungu na Kasigau vinauzwa ng'ambo. Hawauzi kuni wala makaa. Wanauza vyeti vya kaboni, yaani ahadi kwamba miti haitakatwa na moshi wake hautapanda angani. Netflix na Shell ni miongoni mwa walionunua.

Sasa, mnunuzi aliye Ulaya au Marekani atajuaje kama duka la Maungu linaendeshwa kwa haki? Swali hili ni la zamani, na kwa Kenya jibu lake moja lilipatikana Thika.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, vibarua wa mashamba ya mananasi ya Del Monte walikuwa wakilalamikia mshahara mdogo, dawa za kunyunyizia na kazi isiyo na uhakika. Walilalamika mpaka wakachoka. Nguvu ilibadilika 1999, pale wateja wa Italia walipoingia. Kikundi kidogo kiitwacho Centro Nuovo Modello di Sviluppo kiliwaomba Waitaliano wasusie mikebe ya mananasi na kuitumia kampuni postikadi za malalamiko. Hapa nyumbani, shirika la KHRC na wenzake waliwabana wakuu wa kampuni. Kufikia 2001 kampuni ilikaa mezani na kukubali kubadilisha mambo. Kibarua wa Thika akigoma, wengine wako getini wanangoja nafasi yake. Mama wa Italia akirudisha mkebe kwenye rafu, hakuna wa kumfuta kazi.

(Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya bidhaa bora na habari za kweli. Poa sana. Lakini inamlinda anayekula, haimuulizi kama anajua nani alivuna.)

Novemba 2023 KHRC ilirudi kwenye kazi hiyo, safari hii Taita Taveta, ikishirikiana na SOMO, shirika la Amsterdam linalofuatilia mienendo ya makampuni makubwa. Ripoti yao ilisema kwamba katika mradi wa kaboni wa Kasigau, unaoendeshwa na Wildlife Works, baadhi ya wanaume wenye vyeo walikuwa wamewadhulumu kingono wafanyakazi wa kike na wake za wafanyakazi, kwa zaidi ya miaka kumi. Kampuni ilikubali kwamba watu wawili walifanya mabaya, ikaomba msamaha, ila ikakana kwamba tatizo lilikuwa limeenea. Verra, shirika linaloidhinisha vyeti hivyo, likaanza kuuchunguza mradi.

Kinachonikera ni ile miaka kumi. Wakaguzi walikuwa wanakuja, wanazunguka, wanaandika, wanaenda. Lakini katika biashara hii mkaguzi hulipwa na yule yule anayekaguliwa. Nani atamkasirisha anayemlipa? KHRC na SOMO hawakulipwa na muuzaji, na waliketi na wanawake wenyewe wakawasikiliza. Tena walijua pa kugonga. Nanasi unaweza kulionja ukaridhika hata kama hujui lilivunwaje. Cheti cha kaboni hakina ladha. Mtu ananunua sifa njema tu, na sifa ikiingia doa, bidhaa yenyewe imeoza.

Hapo ndipo shangazi yangu wa Maungu anaposhika kichwa. Pesa za kaboni hulipa basari, na binamu yangu amesoma kwa basari hiyo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo sikumcheka aliponiuliza, "Mwanangu, hao wazungu wakisusa, nani atalipa shule?"

Nikamwambia watetezi wenyewe hawataki mradi ufe, wanataka wanawake wafanye kazi bila kuguswaguswa. Akasema hilo analijua kuliko mimi, kuna majirani zake waliofanya vibarua sehemu nyingi na wakanyamaza kwa sababu ya ugali. Nikamwambia tena Thika hawakufunga kiwanda.

Akasema Thika ni mbali, akaniuliza kama nimekula.