Maneno marefu ya Kiingereza na herufi iliyomwangusha Susu

Msomaji wa safu hii, mwalimu, amenitumia orodha ya maneno marefu ya Kiingereza yanayofanana herufi, akaniomba nieleze maana zake na yalikotoka. Nitafanya hivyo. Ila orodha yake imenikumbusha yangu, niliyoiandika nikiwa kidato cha pili huko Migwani, kati ya Mwingi na mji wa Kitui, na aibu niliyoipata kwa sababu yake.

Siku hizo, aliyejua maneno marefu ndiye aliyekuwa mfalme wa mdahalo. Daftari langu lilianza na "antidisestablishmentarianism", herufi 28: msimamo wa kupinga Kanisa la Uingereza kuondolewa hadhi ya kuwa kanisa rasmi la dola. Hatukuwa na kanisa la dola Migwani, lakini neno lilitosha kumnyamazisha mpinzani.

La pili lilikuwa "floccinaucinihilipilification", herufi 29. Maana yake ni kukiona kitu hakina thamani. Lina "i" 9 na halina "e" hata moja, ilhali "e" ndiyo herufi inayotumika zaidi katika Kiingereza. Mshairi William Shenstone alilitumia katika barua mwaka 1741. Limeungwa kwa maneno manne ya Kilatini ambayo yote hutumiwa kusema kwamba kitu si chochote. Ni mzaha wa watu waliofundishwa Kilatini shuleni.

La tatu, "honorificabilitudinitatibus", lina herufi 27, nalo ni hali ya kustahili heshima. Shakespeare alilitia kinywani mwa Costard, mshamba mcheshi katika tamthilia ya Love's Labour's Lost iliyochapishwa 1598, ili kuwakejeli wasomi. Hebu litazame: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, hadi mwisho. Lipachike irabu moja nyuma, Mswahili atalitamka bila taabu.

Kejeli hiyo ilikuwa na sababu. Katika karne ya 16 waandishi wa Kiingereza walichota maneno ya Kilatini na Kigiriki bila kipimo. Thomas Wilson aliwacheka katika kitabu chake cha balagha cha mwaka 1553, na mwaka 1557 Sir John Cheke akaandika barua akitetea Kiingereza kisichochanganywa. Walishindwa. Mwaka 1604 Robert Cawdrey, aliyekuwa mwalimu na kasisi, akatoa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, yenye maneno magumu yapatayo 2,500 na maana nyepesi kando yake. Ukurasa wa mwanzo ulieleza kwamba ilikusudiwa hasa wanawake na wengine wasio na ujuzi. Kumbe Mwingereza naye alihitaji mkalimani wa Kiingereza!

Mkalimani wa nyanya yangu, tuliyemwita Susu, nilikuwa mimi.

Susu alikuwa na ugonjwa wa sukari na alimeza vidonge vya kuishusha. Siku moja alirudi kutoka kwa matibabu na karatasi. Alikuwa ameelezwa mambo harakaharaka, akashika neno "sukari" tu. Akanipa karatasi nisome. Palikuwa na neno moja refu: "hypoglycaemia". Nilifurahi, kwa kuwa lilikuwa la aina ya yale ya daftarini. Nilijua "hyper" ni kupita kiasi. Nikatangaza mbele ya watu wote: Susu, sukari yako imepanda, uache chai ya sukari na upunguze chakula.

Alinitii. Mimi ndiye niliyesoma.

Siku ya tatu alianguka kati ya mistari ya mbaazi, akitokwa jasho jembamba na kusema maneno yasiyoeleweka. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, alifika mbio, akamwonja hali, akaomba maji ya sukari, akamnywesha kidogo kidogo. Susu alipopata fahamu, jirani aliisoma ile karatasi, akaniuliza ni nani aliyeifasiri. Sikujibu.

"Hyperglycaemia" lina herufi 14, "hypoglycaemia" 13. Yanashiriki herufi 12, kwa mpangilio uleule. Tofauti yake yote ni "er" na "o". Yote mawili yametokana na Kigiriki: "hyper" ni juu, "hypo" ni chini, na sehemu iliyobaki ni utamu na damu. Kwa Mgiriki wa kale, juu na chini si vitu vya kuchanganya. Kwa mvulana wa Migwani zilikuwa herufi tu.

Si ati Kiswahili hakina maneno marefu. Chukua "wanaotuelimisha": herufi 15, na irabu zote tano zimo. Herufi moja yaweza kugeuza maana kwetu pia: "alipigwa" si "alipigiwa". Lakini vipande vya neno hilo ni vya nyumbani. Mtoto asiyejua kusoma huvitenganisha kwa sikio, na Susu, ambaye Kikamba chake hujengwa vivyo hivyo, hakuhitaji kamusi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema maneno ya tiba hayana budi kubaki yalivyo mpaka mikononi mwa mgonjwa. Madaktari wazungumze wao kwa wao wapendavyo, usahihi wanauhitaji. Lakini Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Karatasi ya mgonjwa ni mahali pa kulitimiza hilo. "Sukari imepanda." "Sukari imeshuka." Maneno haya hata mtu aliye nusu usingizini hawezi kuyachanganya, wala hayahitaji mjukuu mwenye daftari.

Susu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipokwenda likizo alinikaribisha chai, akatia sukari kikombe changu, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole: leo imepanda au imeshuka?

Mwalimu, orodha yako nimeifafanua. Wanafunzi wako wakiikariri, waulize pia kila neno limeungwa kwa vipande gani.