Kisumu: Pa kula samaki kando ya Ziwa Victoria

MGENI anayefika Kisumu kwa mara ya kwanza huulizwa na wenyeji, kabla hata hajatua mzigo, iwapo amekwisha kula samaki. Swali hilo si la adabu tu. Jiji hili, lililofikiwa na reli mwaka wa 1901 na kupandishwa hadhi kuwa jiji karne moja baadaye, huwapima wageni wake kwa namna wanavyomkabili samaki mzima sahanini, kichwa na mkia vikiwapo.

Kwa miaka mingi mtu akiuliza pa kumla samaki huyo, alijibiwa neno moja: Lwang'ni. Hapo, karibu na bandari, vibanda vya mabati vilijipanga ukingoni mwa maji huku moshi ukifuka mchana kutwa. Jina lenyewe ni neno la Kijaluo lenye maana ya nzi, na waliolitunga hawakukosea. Hata hivyo, nzi hao hawakumzuia mwanasiasa wala mchukuzi kuketi benchi moja na kunawa kutoka kwa birika moja. Vibanda hivyo vilibomolewa mwaka wa 2019, wakati wa shughuli za kufufua bandari ya Kisumu, na wapishi, wengi wao akina mama waliotegemea karai la mafuta kusomesha watoto, wakatawanyika. Ukikuta kitabu cha watalii kinachokuelekeza huko, fahamu kwamba ni cha zamani.

Leo pa kuanzia ni Dunga, ufuo wa wavuvi ulio umbali wa kilomita chache kusini mwa kitovu cha jiji. Kinamasi cha mafunjo kimeuzunguka, na ndege wasioishi ila kwenye mafunjo huwavutia wageni kutoka mbali. Mashua hurejea asubuhi. Anayetaka kuchagua samaki vyema na afike kabla ya adhuhuri. Anayetaka kulitazama jua likizama ghubani na afike mwendo wa saa kumi na moja jioni, lakini asinung'unike akiambiwa wakubwa wamekwisha.

Katika mikahawa ya ufuoni usiketi ukingoje kuletewa orodha ya vyakula. Nenda ukamwone samaki. Macho yawe maangavu na yaliyotuna, matamvua yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa irudi mahali pake. Patana bei kabla hajaparuliwa magamba, kwani hupangwa kwa ukubwa na wakati mwingine kwa mavazi ya mteja. Kisha utaulizwa iwapo unamtaka mkavu au wa mchuzi. Ushauri wangu ni huu: mwache akaangwe hadi ngozi ishikane, kisha apikwe polepole katika nyanya, vitunguu na dhania. Mkavu ni wa mwenye haraka, na mwenye haraka hana shughuli Dunga.

Suala la asili ya samaki ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Ngege halisi, aliyewalea mababu wa eneo hili, amekuwa adimu mno ziwani. Anayeuzwa kwa jina hilo kwa kawaida ni jamaa yake, ambaye Wajaluo humwita nyamami. Huyo aliletwa ziwani katikati ya karne iliyopita, kama alivyoletwa sangara, au mbuta, ambaye minofu yake husafirishwa hadi ng'ambo. Aidha, wapo samaki wanaofugwa katika vizimba vilivyotandazwa ziwani, na wapo waliogandishwa kutoka Uchina, ambao mwaka wa 2018 walizua mjadala mkali nchini.

Samaki wa kizimba si mbaya, mradi ni mbichi na muuzaji hakufichi. Lakini nimewahi kuketi katika hoteli moja ya fahari, ziwa likimetameta dirishani, nikaandaliwa samaki aliyetoka kwenye katoni. Nilipomuuliza mhudumu, alitabasamu akatazama chini. Wenzangu watatu mezani walikuwa na samaki waliolingana na wangu kama matofali ya tanuri moja. Tangu hapo huuliza kabla ya kuagiza, na nakusihi nawe uulize. Ni haki ya mlaji kujua, na ni riziki ya mvuvi aliyekesha majini.

Ugali huja bila kuagizwa. Ukipata ule mweusi wa wimbi au mtama uliochanganywa na muhogo, usiukatae. Mboga nazo zisipuuzwe: mnavu, ambao hapa huitwa osuga, mrenda, na akeyo yenye uchungu mtamu inayopikwa kwa maziwa. Sukuma wiki utaipata kokote nchini, kwa hivyo hapa unaweza kuiacha.

Omena, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa usiku kwa taa, hasa mwezi unapokuwa haupo. Uvuvi wake umekuwa ukisitishwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili wazaane. Anayezuru miezi hiyo atarajie wa akiba, waliokaushwa juani. Kamongo ni mtamu kwa aliyemzoea, mimi bado.

Asiye na nafasi ya kwenda Dunga anaweza kula sokoni Kibuye, hasa Jumapili soko linapofurika, ingawa huko ziwa halionekani. Na aliye na siku mbili za ziada avuke hadi Mbita na kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Mikahawa huko ni michache, lakini samaki hatembei mbali kufika jikoni.

Jua likitua, mbu hutoka kwenye mafunjo kwa wingi, na eneo hili lina malaria. Beba shati la mikono mirefu, na pesa taslimu kidogo, kwa sababu mtandao wa simu hukatika wakati ule ule wa kulipa.