Joto Kwanza: Asili ya Ufundi wa Kompyuta Mwanza

Kompyuta mpakato ikichemka na kuwa nzito, mteja wa Mwanza mara nyingi humfikia fundi na ombi moja: "Ipige Windows." Ombi hilo ni la miaka ya karibuni, na mara nyingi halitibu kitu, kwa kuwa mashine iliyozibwa na vumbi itachemka vilevile hata ikiwekewa programu mpya. Tiba yake imo katika ufundi uliokuwapo kabla ya kompyuta. Hoja yangu ni kwamba fundi hodari wa kompyuta mjini hapa ni mrithi wa mafundi wa meli, reli na redio, na kwamba tukiusahau urithi huo tutaendelea kutupa mashine ambazo bado ni nzima.

Tangu Wajerumani waifanye Mwanza kituo cha utawala mwaka 1892, mji huu umeishi kwa mashine zilizoundwa mbali na kufika kwa taabu. Reli ya Uganda ilifika Kisumu, kwenye Ziwa Victoria, mwaka 1901. Reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Meli kubwa hazikuweza kuja ziwani zikielea. MV Victoria iliundwa Scotland, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa upya Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Kwa kuwa kipuri kilitoka ng'ambo, fundi alilazimika kujua chanzo cha hitilafu kabla ya kubadilisha chochote. Injini ya dizeli ya meli hupozwa kwa maji. Njia ya maji ikiziba, joto hupanda, na mwendo hauna budi kupunguzwa. Fundi makini haanzi kwa kung'oa injini, huanza kwa kukagua njia ya maji. Tabia hiyohiyo ya kutotupa ovyo ilionekana pale mtaa wa Makoroboi, ambako mabati na makopo yaliyotumika yaligeuzwa kuwa taa za mafuta na vyombo vya nyumbani.

Atatokea wa kupinga: kompyuta zilichelewa mno kufika, urithi huo umetoka wapi? Ni kweli zilichelewa. Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, lakini mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Kisha, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaadimika na madukani kukawa kutupu. Ila uhaba huohuo ndio uliomfanya fundi redio awe mtu wa lazima. Kompyuta zilipoanza kuenea miaka ya 1990, mita, chuma cha kuchomea risasi na mazoea ya kuifuata hitilafu hatua kwa hatua vilikuwa tayari mezani kwake. Kifaa kilikuwa kigeni, lakini namna ya kukichunguza haikuwa ngeni.

Na hitilafu yenyewe ni ileile ya melini. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi ili isiungue. Uzito na joto huwa ugonjwa mmoja. Wengine hulaumu hali ya hewa, lakini Mwanza, iliyo mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, ina ubaridi kuliko Dar es Salaam. Mwinuko huo huifanya hewa iwe nyepesi na ibebe joto pungufu kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ile ya pwani, lakini mkosaji mkuu ni vumbi. Fungua mashine iliyotumika miaka mingi bila kusafishwa: kati ya feni na vibanzi vya kupozea utakuta vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi, na pesti iliyo juu ya prosesa imekauka, haipitishi tena joto.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: si kila uzito unatokana na joto. Diski iliyochoka, memori ndogo au virusi huweza kuleta dalili hiyohiyo, na hapo kupiga Windows huenda kukasaidia. Ndiyo maana uchunguzi hutangulia. Mashine iliyo nzito tangu inapowashwa ikiwa baridi, itazamwe diski na programu zake. Inayoanza vizuri kisha ikazorota huku feni ikivuma, isafishwe, iwekwe pesti mpya, ndipo ipimwe tena. Wasemao heri kununua mpya wanasahau kwamba mashine mpya nayo itavuta vumbi lilelile, na bila matunzo itafikia hali hiyohiyo.

Basi mteja akubali kulipia uchunguzi, wala asione kwamba fundi aliyetumia saa nzima kutafuta chanzo amempotezea muda. Na wanaowafundisha vijana ufundi huu, vyuoni na vibandani, waanze na somo la joto kabla ya somo la programu. Mji ambao meli yake ya mwaka 1961 ilikarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 hauna sababu ya kuitupa kompyuta iliyohitaji kusafishwa tu.